Shajara ya mradi: kuingia tovutini kwa utambulisho anaouchagua mtumiaji

Februari: tulipoanzia

Tovuti nne zimo kwenye mradi: ya sacco ya walimu huko Mbale, ya chuo cha ufundi Jinja, ya wanunuzi wa kahawa Masaka, na ya maktaba moja ya Kampala. Kila moja ina jedwali lake la majina na nywila, na kila moja ina mtu wa dawati ambaye kazi yake kubwa ni kuwarudishia watu nywila walizosahau. Tunachotaka ni mwanachama, mwanafunzi au mkulima aingie kwa utambulisho alio nao tayari, auchague mwenyewe, aongeze wa pili na wa tatu kwenye akaunti ileile, na aondoe asioutaka bila kumwomba mtu.

Protokali, yaani kanuni ambazo tovuti na anayemtambulisha mtu huzungumza kwazo, ni OpenID Connect, iliyokamilishwa Februari 2014 juu ya OAuth 2.0 (RFC 6749, 2012). Hapo hapakuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa tumkubali nani, na jambo hilo ni la zamani kuliko protokali yenyewe. Microsoft ilileta Passport mwaka 1999 ikitaka watu waingie kila mahali kupitia kwake. Mwaka 2001 kampuni nyingine zikaunda Liberty Alliance zisije zikategemea mshindani. OpenID ya kwanza ilitoka 2005 mikononi mwa Brad Fitzpatrick wa LiveJournal, na mtu alijitambulisha kwa anwani yake ya wavuti. Kampuni kubwa ziliipokea, ila kwa upande mmoja: kila moja ilikuwa radhi kutoa utambulisho, na chache mno zilikuwa radhi kupokea uliotolewa na mwenzake. Majaribio mengine ya aina hiyo hayakudumu: CardSpace ya Microsoft ilisitishwa 2011. Google iliachana na OpenID 2.0 mwaka 2015. Persona ya Mozilla ilifungwa Novemba 2016. Leo OpenID Connect inamruhusu yeyote kuwa mtoa utambulisho, lakini kwenye kurasa nyingi utaona vitufe vya kampuni mbili tatu, basi.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza umehusu upande wa kupokea. Kila tovuti inasoma orodha ya watoa utambulisho kutoka faili moja la mipangilio, na kila aliyemo anaelezwa kwa anwani yake ya `.well-known/openid-configuration`, faili ambamo mtoa utambulisho hutangaza jinsi ya kuzungumza naye. Kumwongeza mwingine ni kuongeza mistari michache, si kuandika msimbo upya. Tunaanza na Google, Microsoft, Apple na akaunti za vyuo.

Machi: kuwatoa watu kwenye Facebook

Tovuti ya kahawa ilikuwa na kitufe cha Facebook tangu kabla ya 2021. Januari mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa Uganda, kisha intaneti nzima ikazimwa; intaneti iliporudi, Facebook haikurudi. Mkulima aliyejiandikisha kwa kitufe hicho peke yake akawa hawezi kuingia kutazama bei ya kiboko (kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa) ila awashe VPN, programu inayopitisha mtandao wake kwenye seva za mbali. Msimbo haukuwa na hitilafu yoyote. Akaunti ilikuwa na njia moja, na njia hiyo ilikuwa mikononi mwa wengine.

Kazi imekwenda hivi. Kwanza tumechuja akaunti zenye Facebook peke yake. Wenye namba ya simu iliyothibitishwa wametumiwa SMS yenye kiungo cha matumizi ya mara moja, kinachofungua ukurasa wa kuongeza njia ya pili. Wanaoingia kwa VPN wanakutana na ukurasa huohuo kabla ya kuona kitu kingine. Asiye na namba wala baruapepe anakwenda kwa wakala wa ununuzi na kitabu chake cha mauzo, na wakala anampa kiungo hicho akiwa amesimama mbele yake.

Tahadhari kwa atakayefanya kazi kama hii: namba ya mtumiaji inayotolewa na Facebook ni ya programu moja tu. Ukiifuta programu ya zamani kwenye ukurasa wa waundaji na kusajili mpya, mtu yuleyule anakuja na namba nyingine, na uhusiano wake na akaunti umekatika. Programu ya zamani iachwe hai hadi mtu wa mwisho ahame. Kitufe tumekishusha chini ya ukurasa na hakisajili akaunti mpya.

Kanuni iliyotokana na hili sasa ni ya tovuti zote nne: akaunti haihesabiwi kamili mpaka iwe na njia mbili. Njia hizo ni watoa utambulisho wawili tofauti, au mmoja pamoja na misimbo ya dharura iliyochapishwa kwenye karatasi.

Aprili: jedwali la utambulisho

Hapa ndipo miradi mingi huharibika mapema, na madhara huonekana wakati watu wameshajaa. Jedwali la akaunti limetengwa na jedwali la utambulisho. La pili lina safu moja kwa kila njia ya kuingia; `iss` ni mtoa utambulisho, na `sub` ni kitambulishi cha mtu kwa mtoa huyo:

```
iss      https://accounts.google.com
sub      (maandishi, hadi herufi 255)
akaunti  (namba ya akaunti ya ndani)
```

Upekee uko kwenye `iss` na `sub` kwa pamoja. Baruapepe haimo. Baruapepe hubadilika, huhamishwa, na kwa baadhi ya watoa utambulisho haijathibitishwa kabisa. Juni 2023 kampuni ya Descope ilieleza udhaifu iliouita nOAuth: mtu anafungua shirika lake mwenyewe kwenye huduma ya Microsoft, anaandika baruapepe ya mwathiriwa kwenye wasifu, kisha anaingia kwenye tovuti inayowatambua watu kwa baruapepe. Tovuti inampokea kama mwenye akaunti.

Mambo matatu ya hifadhidata yanayouma kimyakimya:

`sub` ya Google ni tarakimu tupu, na kwa kawaida hufika 21. Mtu akiiona anashawishika kuiweka kama namba. Namba kamili ya biti 64 inaishia tarakimu 19 au 20, na JavaScript inaanza kupoteza tarakimu za mwisho mapema zaidi. Iwekwe kama maandishi tangu mwanzo.

`sub` hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Hifadhidata ya MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi. Safuwima ya `sub` inatumia mpangilio unaotofautisha, `utf8mb4_bin`, la sivyo watu wawili wenye `sub` zinazotofautiana kwa herufi moja kubwa watagongana.

Microsoft hutoa `sub` tofauti kwa kila programu iliyosajiliwa. Chuo na maktaba vilijisajili kila kimoja kivyake, na mwanafunzi mmoja akaonekana kama watu wawili. Hiyo ni faragha iliyokusudiwa, si hitilafu. Vikitaka kumtambua kwa pamoja, vitumie `tid` na `oid`, yaani namba ya shirika na namba ya mtu ndani ya shirika hilo. Sisi hatukuhitaji, tumeacha hivyo.

Kuunganisha akaunti kwa baruapepe bila kumuuliza mtu kumekatazwa kote. Hila yenyewe ni rahisi: mtu anafungua akaunti kwa baruapepe yako na nywila yake, anakaa kimya. Ukija na Google, tovuti inaona baruapepe inafanana, inawaunganisha, na kuanzia hapo mnashiriki akaunti moja. Ukurasa wetu sasa unasema: «Baruapepe hii ina akaunti tayari. Ingia kwanza kwa njia uliyoizoea, kisha ongeza Google kwenye ukurasa wa Njia za kuingia.» Ni hatua moja zaidi, na watu wa dawati wameilalamikia. Inabaki.

Mei: safari ya kuingia, na mahali inapokatika

Mtumiaji akibofya kitufe, seva inatengeneza vitu vitatu vya bahati nasibu: `state` (ya kulitambua jibu likirudi), `nonce` (ya kuifunga tokeni na ombi hili), na neno la siri la PKCE, linalothibitisha kwamba anayeleta msimbo ndiye aliyeuomba, lenye herufi kati ya 43 na 128. Neno linabaki kwetu. Kinachotumwa ni alama yake ya SHA-256. Akirudi, tunalinganisha `state`, tunabadilisha msimbo aliorudi nao kwa tokeni (hati iliyosainiwa inayosema yeye ni nani) tukionyesha neno lile, kisha tunakagua tokeni: saini, `iss`, `aud` (imetolewa kwa nani), `exp` (inakwisha lini), `nonce`. Maktaba za programu hufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Yanayofuata hazikufanyii.

Mtandao ukiwa mzito mtu hubofya mara mbili. Tovuti ya sacco ilihifadhi `state` moja kwa kikao, kwa hiyo bofyo la pili lilifuta la kwanza, na jibu la kwanza liliporudi likakataliwa. Sasa kila jaribio lina rekodi yake, inayokufa baada ya dakika 10.

Apple ilisumbua peke yake. Ukiomba jina au baruapepe, inalazimisha jibu lirudi kwa njia ya POST, kama fomu iliyojazwa na kutumwa. Kuki yenye `SameSite=Lax` haitumwi kwenye POST inayotoka tovuti nyingine, kwa hiyo mtu anarudi na seva haimkumbuki. Dawa si kulegeza kuki ya kikao. Tumeweka kuki ya pili ndogo, `SameSite=None; Secure`, inayobeba namba ya jaribio tu na kufutwa mara moja. Isitoshe, jina hutumwa mara ya kwanza pekee. Hitilafu ikitokea baada ya hapo kabla hujalihifadhi, hulipati tena mpaka mtu aondoe tovuti kwenye mipangilio ya Apple yake. Na siri ya programu kwa Apple ni tokeni unayoisaini mwenyewe, isiyozidi miezi 6. Ikipitwa na wakati kitufe kinakufa bila onyo, kwa hiyo seva inaitengeneza upya kila wiki.

Saa ya seva. Mashine ya Mbale iko ofisini kwa sacco, si kwenye kituo cha data. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ubao ikiwa imechoka, inawaka na tarehe ya zamani, na kila tokeni inaonekana imetolewa siku zijazo. Tumefungua njia ya NTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao, kwenye ngome ya mtandao, tumebadilisha betri, na huduma ya kuingia haiwaki mpaka saa ilingane. Tofauti inayovumiliwa ni sekunde 120. Kuipanua hadi saa nzima, kama mtu mmoja alivyopendekeza, ni kuponya homa kwa kuvunja kipimajoto.

Funguo za kukagulia saini hubadilishwa na watoa utambulisho bila kukuarifu. Tunazihifadhi, na tokeni ikija na `kid` (jina la ufunguo) tusiyoijua tunazichukua upya, lakini si zaidi ya mara moja kwa dakika 5, ili mtu asitugeuze mashine ya kuishambulia Google.

Anwani ya kurudi lazima ilingane herufi kwa herufi na iliyosajiliwa. Tovuti ya chuo ilikuwa inafunguka kwa `www` na bila `www`. Sasa moja inaelekeza kwa nyingine kabla ya kitufe kuonekana.

Juni: simu, bando na VPN

Google hukataa kuingiza watu kupitia kivinjari kilichofichwa ndani ya programu nyingine, na ujumbe wake wa `disallowed_useragent` haumsaidii mtu. Kiungo cha bei ya kahawa kikifunguliwa ndani ya programu ya mtandao wa kijamii, kitufe cha Google hakitafanya kazi, hata ufanye nini upande wa seva. Tunagundua hali hiyo kabla ya mtu kubofya na kuonyesha mstari mmoja: «Bofya nukta tatu juu, chagua Fungua kwa Chrome.» Picha ya nukta tatu imesaidia kuliko maneno.

Sacco ilikuwa na kanuni ya kukataa kila anayeingia kutoka nje ya Uganda. Kwenye karatasi inaonekana ya busara. Lakini mwalimu aliyewasha VPN kwa ajili ya Facebook akasahau kuizima anaonekana yuko Uholanzi huku amekaa Mbale mjini. Kanuni imeondolewa. Badala yake, kuomba mkopo au kubadilisha namba ya kupokelea pesa kunadai uthibitisho wa pili wakati huohuo, popote mtu anapoonekana kuwa. Vilevile kikao hakifungwi kwenye anwani ya IP: laini za simu hubadilisha anwani mtu akiwa amekaa palepale, na Opera Mini katika hali ya kubana zaidi hupitisha kila kitu kwenye seva zake.

Ukurasa wa kuingia haupakii msimbo wa mtoa utambulisho yeyote. Vitufe ni viungo vya kawaida na alama ndogo za SVG zilizo kwenye seva yetu. Bando la mtu linaokolewa, na kampuni ambayo hakuichagua haipati habari kwamba alipita hapa.

Kompyuta za maktaba na za kafe zina tatizo lao. Kutoka kwenye tovuti yetu hakumtoi mtu kwenye Google. Anayekaa kiti hicho baadaye akibofya «Ingia kwa Google» anaingia kama aliyemtangulia, bila kuulizwa kitu. Tumeongeza `prompt=select_account` kwenye kila ombi linalotoka maktaba, na ukurasa wa kutoka unasema wazi kwamba akaunti ya Google bado iko wazi kwenye mashine hii, pamoja na kiungo cha kuifunga. Si suluhisho kamili. Suluhisho kamili ni kivinjari kinachojifuta kila baada ya mtumiaji, na hilo limeachiwa fundi wa maktaba.

Julai: namba ya simu, na ndaga muntu

Kila kikao cha wadau kuna anayeuliza: kwa nini tusitumie namba ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda, kila mtu anayo? Namba hiyo, NIN, ina herufi na tarakimu 14, na fotokopi yake imeachwa benki, kwa wakala wa laini, hata getini kwa askari. Ni jina, si siri. Inaweza kuthibitisha kwamba mtu aliyepo ni fulani pale sheria inapodai, kama sacco inavyofanya wakati wa kusajili mwanachama. Kama neno la kuingilia haifai kitu, na ikivuja huwezi kuomba nyingine. Kwenye mradi huu NIN haigusi jedwali la utambulisho.

Namba ya simu inakaribia kufaa, na hapo ndipo hatari ilipo. Wakulima wengi hawana baruapepe wanayoisoma, simu wanazo. Lakini laini isiyotumika hurudishwa sokoni, na mwenye laini mpya hupokea misimbo ya mwenye laini ya zamani. Laini huweza pia kubadilishwa na tapeli aliyepata nakala za kitambulisho. Marekani, taasisi ya viwango ya NIST iliuweka uthibitisho wa SMS kwenye kundi la njia za kutumiwa kwa masharti tangu 2017. Kwetu SMS ni ya kurejesha akaunti tu, siyo njia ya pekee, na urejeshaji wa akaunti ya sacco unasubiri saa 24 huku ujumbe ukitumwa kwenye njia nyingine zote zilizosajiliwa.

Usafishaji wa namba: 0772…, 256772… na +256 772… ni mtu mmoja. Zote zinahifadhiwa kwa umbo la +256 likifuatwa na tarakimu 9. Kabla ya kusafisha, akaunti pacha zilikuwa nyingi kwenye tovuti ya kahawa.

Kuhusu UGPass, utambulisho wa kidijitali wa NITA-U, mamlaka ya serikali ya TEHAMA: nafasi imeachwa kwenye faili la mipangilio kama kwa mtoa utambulisho mwingine yeyote. Itaongezwa kwa ombi la tovuti yenyewe, na haitakuwa njia ya lazima.

Agosti: daraja la vyuo

RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, inaendesha shirikisho la utambulisho la vyuo vya nchi, nalo limeunganishwa na eduGAIN, muungano wa kimataifa wa mashirikisho kama hayo, kwa hiyo msomaji wa chuo cha nje naye anaweza kuingia maktaba kwa akaunti ya chuo chake. Shirikisho linazungumza SAML, protokali nyingine ya kuingia, tovuti zetu hazizungumzi. Tumeweka SATOSA, programu ya kutafsiri, katikati: upande mmoja SAML, upande wa pili OpenID Connect. Kwa maktaba, daraja ni mtoa utambulisho kama Google.

Cha kuangalia ni kitambulishi kinachopita. Baadhi ya vyuo humpa mwanafunzi mpya jina la aliyehitimu, na `eduPersonPrincipalName`, kitambulishi kinachotokana na jina hilo, hufuata. Tunapokea `pairwise-id`, kitambulishi cha mtu kwa tovuti moja, au NameID ya kudumu pale chuo hakijafika huko. Chuo kisichotoa chochote kati ya hivyo wasomaji wake wanaelekezwa kwenye njia nyingine hadi msimamizi arekebishe.

Septemba: sheria, na yaliyobaki

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na kanuni zake za 2021 zinataka anayekusanya data asajiliwe na ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, na akusanye kinachohitajika tu. Tumepunguza maombi hadi `openid email`. Picha na tarehe za kuzaliwa hatuombi. Tokeni ya ufikiaji hutupwa papo hapo kwa kuwa hatuitumii tena. Ukurasa wa Njia za kuingia unaonyesha kila njia, lini ilitumika mara ya mwisho, na kitufe cha kuiondoa. Kitufe hicho kinazimika njia ikiwa ni ya mwisho.

Paskii, funguo zinazokaa kwenye simu badala ya nywila, zinajaribiwa sacco. WebAuthn, msingi wake, ni kiwango cha W3C tangu Machi 2019, na kwenye Android paskii zinazohifadhiwa na Google zinahitaji toleo la 9 kwenda juu. Mwalimu anaweka kidole, basi. Hakuna kuelekezwa kwingine, hakuna SMS. Ila paskii imefungwa kwenye jina la kikoa: ukihama kikoa, zote zinabaki nyuma. Maktaba iko katika mazungumzo ya kubadilisha kikoa chake, kwa hiyo huko hazitawashwa mpaka jina jipya liamuliwe.

Yanayoendelea: akaunti za Facebook ambazo hazijahama, wakala wa Masaka wa kufundishwa ukurasa wa kurejesha, na kufuta nywila za zamani za kila akaunti iliyofikisha njia mbili. Ufutaji unaanza na chuo, kwa sababu likizo yao ndiyo ya karibu.